Dawa za Kusafisha na Kukinga Paa la Kitambaa la Gari: Ipi Ianze Kununuliwa, Ipi Iachwe

Chupa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mapaa ya kitambaa ya magari ya wazi, yaani yale ambayo paa lake hukunjwa, huandikwa kwamba zinazuia maji, na maneno hayo humfanya mnunuzi aanze na dawa ya kinga, kisha, pesa ikibaki, ndipo anunue sabuni. Mpangilio huo umepinduka. Kitambaa cha paa la kisasa huwa na safu tatu: juu ni nyuzi zilizofumwa, mara nyingi za akriliki (aina ya plastiki), katikati ni utando wa mpira, na chini ni kitambaa cha ndani kinachoonekana na abiria. Mvua huzuiwa na mpira wa katikati. Kazi ya dawa ya kupulizia ni kuzifanya nyuzi za juu zisinyonye maji, kwa kuwa nyuzi zinazobaki zimelowa hushika vumbi, hukauka polepole na kuota kuvu. Kwa hiyo paa linalovuja halitibiwi kwa chupa; kagua mishono, mipira inayozunguka vioo vya milango, na mifereji midogo ya kutolea maji, ambayo huziba kwa majani na tope.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha paa lako ni la kitambaa kweli. Baadhi ya magari ya wazi, hasa ya zamani, yana paa la vinili, yaani plastiki inayofanana na ngozi, ambalo ni laini kwa kuguswa, halionyeshi nyuzi na halinyonyi maji. Dawa zake ni tofauti kabisa, na majina ya bidhaa hayasaidii sana kuzitenganisha: chapa ya 303, kwa mfano, ina Fabric Guard kwa ajili ya kitambaa na Protectant kwa ajili ya vinili, mpira na plastiki. Soma lebo yote, usitazame nembo peke yake.

Nafasi ya kwanza katika orodha yangu naipa sabuni iliyotengenezwa mahususi kwa mapaa ya kitambaa, pamoja na brashi nzuri. Sabuni hizo zinapatikana kutoka RaggTopp, Renovo na Autoglym, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya yoyote kati yao na sabuni ya vyombo. Sabuni ya vyombo na ya unga ya kufulia huacha mabaki ndani ya nyuzi, na mabaki hayo huyafanya maji yasambae badala ya kuteleza, hivyo kinga itakayopakwa juu yake itaanza kazi ikiwa imeshindwa nusu. Klorini iache kabisa, kwa sababu inaweza kudhoofisha uzi wa mishono. Ikiwa paa limeota ukijani au madoa meusi ya kuvu, tafuta sabuni ambayo lebo yake inasema wazi kwamba inaondoa kuvu.

Brashi iwe ya manyoya ya farasi au ya nyuzi nyingine laini. Brashi ya kusugulia sakafu huchana nyuzi za juu na kuacha vinyweleo ambavyo havirudi tena. Vuta vumbi kwanza kwa mashine, lowesha paa zima, kisha sugua kwa kufuata mwelekeo wa ufumaji, sehemu kwa sehemu, lakini usiishie kwenye doa moja, kwani pembezoni mwa sehemu iliyooshwa peke yake hubaki alama ya duara. Povu la kwanza hutoka la rangi ya kahawia hata kwenye paa lililodhaniwa kuwa safi. Endelea kusuuza mpaka maji yanayoteremka pembeni yasiwe na povu lolote. Hapo ndipo watu wengi huchoka mapema, na hapo ndipo kazi yote huharibikia. Mashine ya kuosha kwa presha usiisogeze karibu na mishono, na mashine za kuoshea magari zenye brashi zinazozunguka si rafiki wa paa la namna hii.

Baada ya hapo liache paa likauke kabisa, likiwa limefungwa, kwa siku nzima ikiwezekana. Usitegemee macho: shika mishono kwa vidole, kwa sababu hiyo hubaki na unyevu saa nyingi baada ya kitambaa kuonekana kikavu. Paa likikunjwa likiwa na maji, kuvu huanzia kwenye mikunjo.

Sasa ndipo tunafika kwenye kinga. Inayoongoza kwa maoni yangu ni dawa ya kupulizia yenye polima ya florini, na 303 Fabric Guard imekuwa mfano unaojulikana sana. Sababu ni kwamba kemikali za florini hukataa maji na mafuta pia, hivyo utomvu wa miti na kinyesi cha ndege havipenyi haraka. Ina masharti yake: inahitaji hali ya hewa ya joto ili ishike vizuri, inanuka, na hupulizwa nje penye hewa. Matone yanayoangukia vioo na rangi ya gari ni taabu kuyatoa yakikauka, kwa hiyo funika sehemu hizo kwa karatasi za plastiki na utepe wa wapaka rangi. Kama dirisha la nyuma ni la plastiki, kama lilivyokuwa kwenye Mazda MX-5 kabla ya toleo la 1998, lifunike kwa uangalifu zaidi. Tabaka mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito. Kasoro ambayo mnunuzi anapaswa kuijua ni kwamba kemikali za florini hudumu muda mrefu sana katika mazingira, na kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji wameanza kuziacha. Anayejali jambo hilo atafute chupa iliyoandikwa kwamba haina florini, akijua kwamba ulinzi dhidi ya mafuta utapungua.

Ya pili ni dawa ya kupakwa kwa brashi, kama Ultra Proofer ya Renovo. Haitawanyiki hewani, kwa hiyo humfaa anayefanya kazi penye upepo au karibu na magari ya wengine, ila inataka subira na ni rahisi kuruka sehemu. Ya tatu ni seti ya sabuni na kinga katika sanduku moja, kama ya Autoglym, ambayo ni chaguo zuri kwa anayeanza. Ya nne ni dawa za nano, yaani zinazotangazwa kuwa na chembe ndogo mno, kama Gtechniq I1, ambazo bei yake iko juu na hazisamehi paa lililooshwa ovyo.

Dawa ya silikoni ya mahema naiweka mwisho, na ningependa isinunuliwe kabisa. Inakataa maji lakini haikatai mafuta, huzuia dawa nyingine zisishike baadaye, na ikidondokea bodi ya gari itamletea fundi wa rangi vishimo kwenye rangi mpya.

Rangi ya kurudishia weusi wa paa, ambayo wengi huifikiria kwanza, inunuliwe baada ya paa kuoshwa na kukauka, na ipakwe kabla ya kinga. Mara nyingi kilichoonekana kama kupauka huwa ni vumbi na ukungu, na chupa hiyo huwa haihitajiki tena.