Vanishi ipi upake meza ya zamani ya mbao? Chaguo zetu kwa hewa ya Dar

Meza ya mninga au mkongo ikishakwanguliwa na kupigwa msasa namba 120, 180 hadi 220, usikubali tu kopo la kwanza utakaloonyeshwa Kariakoo. Unyevu wa Dar huamua mengi.

1. Vanishi ya poliurethani ya mafuta, ya kopo moja. Kwa meza ya kulia nyumbani, chukua hii. Inapakwa kwa brashi, haihitaji kompresa, na ikikomaa inahimili maji, chai na mchuzi. Sufuria ya moto bado iwekewe kitu chini. Inaipa mbao wekundu wa asali, na mninga unapendeza nao sana.

Meza ya sentimita 180 kwa 90 ina uso wa mita za mraba 1.62. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la vanishi, kwa hiyo mikono mitatu juu ni kama nusu lita. Nunua lita moja upate na ya miguu. Mkono wa kwanza changanya sehemu 9 za vanishi na 1 ya tapentaini ili iingie kwenye mbao. Subiri saa 24 kati ya mikono, na wakati wa masika hata siku mbili. Kisha pitisha msasa namba 320: ukitoa unga mweupe mkavu, endelea. Vanishi ikinata kwenye msasa, acha. Ukiifunika ikiwa mbichi, ya chini itabaki laini na ya juu itakunjamana.

Ukitaka isiyong'aa, koroga taratibu kwa kijiti mpaka chini ya kopo. Unga unaopunguza mng'ao hutuama, na kulitikisa kopo kunaleta mapovu yatakayobaki mezani.

Mtiki una mafuta yake. Ufute kwa thina kabla tu ya kupaka. Meza ya barazani inataka vanishi ya nje, yenye kinga ya jua.

2. Poliurethani ya hadna, yaani inayochanganywa na kigumishi kabla ya kupaka. Ikikauka, uso wake ni mgumu kuliko wa zote hapa, inafaa meza za mgahawa. Pima uwiano ulioandikwa kwenye kopo, usikadirie kwa jicho: hadna ikipungua, uso unabaki unanata. Hadna ina isosianati, hatari kwa mapafu, na kitambaa puani hakizuii kitu. Mpe fundi mwenye barakoa ya vichujio vya kemikali.

3. Vanishi ya maji. Harufu ndogo, haigeuki njano, inakauka kwa saa chache. Huamsha nyuzi za mbao, basi lowesha meza kidogo kwanza, ikauke, upige msasa 220.

4. Laka ya NC (nitroselulosi). Karakana nyingi huipenda kwa kuwa kazi inatoka siku hiyohiyo. Kwa meza ya kulia Dar tunaishusha. Thina yake huvukiza haraka, uso unapoa, unyevu wa hewa unatua juu yake na meza inapata ukungu mweupe. Sufuria ya moto nayo huacha duara. Kwa kabati la vitabu, sawa.

5. Mafuta ya kitani. Mbao inapendeza, lakini kinga ni ndogo na utarudia kupaka mara kwa mara. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya vikikunjwa pamoja vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke.