Konsoli ipi ununue Uganda: PS4 Slim kwanza, nyingine zifuate

Muulize mwenye kibanda cha gemu, awe Kisenyi au Busia, kwa nini bado anatumia PS4 (PlayStation 4 ya Sony) ilhali PS5 ilitoka Novemba 2020. Hatakueleza habari za ubora wa picha. Atakuonyesha rundo la CD.

Tuseme ukweli, kwetu gemu ni mpira. Ndiyo maana uhai wa konsoli naupima kwa jambo moja: je, mpira mpya bado unatoka kwa mashine hiyo? PS2 ilizinduliwa Japani Machi 2000, na toleo lake la mwisho la mpira wa EA, kampuni inayotengeneza gemu hizo, lilikuwa FIFA 14, mwaka 2013. PS3 ya 2006 na Xbox 360 ya 2005 ziliishia FIFA 19. PS4 ni ya 2013, lakini hata baada ya EA kuachana na jina la FIFA, bado ilipata FC 24 na FC 25. Orodha yangu inaanzia kwenye kipimo hicho, kisha inaangalia urahisi wa kupata na kubadilishana CD.

1. PS4 Slim, iliyotumika. Hii ilikuja 2016, na ndiyo ninayomshauri mtu yeyote anayenunua kwa mara ya kwanza. CD zake haziangalii nchi: iliyotoka Dubai au Uingereza itacheza tu. Ukimaliza gemu unabadilishana na jirani au unairudisha dukani uongeze kidogo upate nyingine. Na siku ukipanda PS5 yenye sehemu ya CD, karibu zote utaenda nazo. Mwenye CD za PS3 hana bahati hiyo, kwa sababu PS4 haizisomi kabisa.

Ukifika dukani usikubali kuonyeshwa menyu tu. Geuza mashine usome kibandiko: Slim huanza na CUH-2, ile nene ya mwanzo huanza na CUH-1 na hula umeme zaidi. Weka CD, itoe, irudishe tena. Kisha cheza mechi nzima, dakika zote, huku umetega sikio kwenye feni. Ikianza kunguruma kabla ya mapumziko, ndani kuna vumbi au dawa ya joto (ile inayopakwa juu ya chipu ili ipoe) imekauka. Fundi anaweza kuitibu, ila gharama hiyo itoke kwenye bei. Pedi nayo uishike vizuri. Achia analogi zote mbili (vile vijiti vya kumwendesha mchezaji) uangalie kama mchezaji anatembea mwenyewe. Bonyeza X mara nyingi, maana pedi za vibandani hufa kwenye kitufe hicho kwa sababu ya pasi. Mwisho, hakikisha akaunti ya mwenye mashine wa zamani imeondolewa, na uiunganishe na hotspoti ya simu yako uone kama inaingia mtandaoni. Muuzaji akikasirika kwa haya yote, maduka ni mengi.

2. PS5 yenye sehemu ya CD. Mfuko ukiruhusu, ndiyo mashine bora. Ila soma boksi kwa makini, kwani lile toleo la dijitali halipokei CD, kila gemu unaishusha mtandaoni. Gemu moja ya mpira inaweza kuzidi GB 40, na bando letu lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Fanya hesabu mwenyewe. Toleo jembamba la 2023 linakubali kuongezewa sehemu ya CD baadaye, lakini siku ya kuifunga lazima uwe na intaneti. Kuhusu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla: PS5 ikicheza gemu nzito hula takriban wati 200, yaani yuniti moja kwa saa tano hivi. PS4 Slim hula chini ya nusu ya hapo.

Kwa anayenunua mtandaoni: kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi uliyofungulia akaunti. Akaunti ya Uingereza haili kadi ya Marekani.

3. PS3 Slim. Kwa watoto wa nyumbani, sawa. CD ni za bei ya chini, na diski ngumu ikifa unaweka ya laptopu. Usiitegemee kwa mpira wa sasa. Kikosi cha FIFA 19 kitabaki kilekile.

4. Nintendo Switch. Ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika mnaendelea. Tatizo ni marafiki: wachache wana kaseti za kubadilishana nawe.

5. Xbox Series S. Ndogo, kimya, na haina sehemu ya CD. Mwenye waifai isiyo na kikomo aifikirie, wengine wapite.

6. Xbox 360. Bei yake inavutia, lakini kuweni macho, ndugu zangu. Zile za mwanzo ndizo zenye duara la taa nyekundu, hitilafu iliyoilazimu Microsoft mwaka 2007 kutenga zaidi ya dola bilioni 1 na kurefusha dhamana hadi miaka 3. Duka lake la mtandaoni lilifungwa Julai 2024. Halafu kuna adapta: iliyotoka Marekani imeandikwa volti 100 hadi 127, nasi hapa ukutani tuna 240. Ukilazimika kuinunua, chukua ile nyembamba ya 2010 kuendelea, na adapta yake iwe imeandikwa 220 hadi 240.

PS2 sijaipa namba. Ukipewa bure, ipokee.