Shelfu za ukutani zisizo na mabano: uzoefu wangu baada ya kuishi nazo

Seti niliyonunua ina shelfu tatu za aina isiyoonyesha mabano, yaani vile vyuma vya kona vinavyoshikilia shelfu kwa chini: ya sentimita 80, ya 60 na ya 40. Zote zinatokeza sentimita 23 kutoka ukutani. Nimeishi nazo muda wa kutosha kuzijua, na nitoe hukumu mapema: ubao na chuma nimevikubali, ila skrubu na plagi (vile vibomba vya plastiki vya kuingiza kwenye tundu la ukuta ili skrubu ishike) walizotia kwenye boksi sizitaki hata kwa kupewa.

Ubao ni MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyovikwa veniya, tabaka jembamba la mbao halisi, ya mwaloni. Kuna watu wakisikia MDF wanakunja uso, wanataka mbao ya mti mtupu. Sibishani nao, lakini mbao isiyokaushwa vizuri hupinda, wakati MDF hutulia ilivyo mradi hujaizidishia mzigo. Adui yake ni maji. Ikiyanywa hufura ukingoni, na ikishafura hairudi, kwa hiyo hakuna hata moja niliyoipeleka karibu na sinki. Nilipozitoa kwenye boksi nilipitisha ukucha kwenye pembe zote, pale veniya ya juu inapokutana na ya ubavuni. Haukukwama popote. Shelfu iliyofanywa kwa kulipua utaijua hapohapo: pembe ina mdomo, na mdomo huo ndio huanza kubanduka ukipita na kitambaa cha vumbi.

Kinachoibeba shelfu ni pau ya chuma inayofungwa ukutani, yenye fimbo mbili au tatu zinazochomoza mbele. Ubao una matundu nyuma, unausukuma kwenye fimbo, kisha unaukaza kwa skrubu ndogo chini. Pau ni nzito na imechomelewa vizuri. Ile ya sentimita 60 fimbo zake zilikuja zimeinama kidogo sana, ubao ukawa unaangalia sakafu. Dawa yake ni ndogo: legeza skrubu, chomeka kipande cha karatasi ngumu nyuma ya pau upande wa chini, kaza tena. Mbele inanyanyuka.

Sasa plagi. Zilizokuja ni za milimita 6, fupi, za plastiki laini. Ukuta wangu ni wa bloku uliopigwa lipu, na lipu yenyewe ina unene wa karibu sentimita 2. Plagi fupi ingeishia kwenye lipu, haigusi bloku kabisa. Ingeshika siku ya kwanza, kisha lipu ingeanza kumomonyoka taratibu mpaka shelfu ije na vyake vyote. Niliziweka kando, nikatumia plagi za milimita 8 na skrubu za unene wa milimita 5, urefu wa 60. Kwenye ncha ya drili nilizungusha kipande cha tepu kuonyesha kina ninachotaka, na chini ya tundu nikabandika karatasi iliyokunjwa kama mfuko ili unga wa ukuta usitawanyike sakafuni. Tundu lisafishwe kabla ya kuingiza plagi, maana vumbi likibaki ndani plagi haiingii yote.

Shelfu ya 40 ilikwenda chumba chenye ukuta wa jipsamu, na huko mambo ni mengine kabisa. Bodi ya kawaida ya jipsamu ina unene wa milimita 12.5 na nyuma yake ni uwazi. Plagi ya kawaida huzunguka tu mahali pake. Inabidi utafute nguzo za ndani, ambazo mara nyingi hupangwa kila sentimita 40 au 60. Tembeza sumaku juu ya ukuta; ikivutwa, hapo kuna kichwa cha skrubu, na skrubu imeshika nguzo. Tundu moja la pau lilipata nguzo. Kwa lililobaki nilitumia plagi ya mabawa inayojifungua nyuma ya bodi. Hata hivyo shelfu hiyo imebeba picha na vitu vyepesi tu.

Mzigo ndio jambo ambalo boksi linalisema kwa maandishi madogo: kilo 15 kwa ile ndefu. Mita moja ya vitabu vya jalada gumu huzidi kilo 20 bila taabu. Kwa hiyo anayetaka kuijaza vitabu mwanzo hadi mwisho, hii siyo shelfu yake. Atafute yenye mabano yanayoonekana. Na kitu kizito kikae nyuma, kigusane na ukuta. Ndoo uliyoishika karibu na kifua haikuchoshi kama ile uliyoinyooshea mkono, na fimbo za shelfu zinaumia vivyo hivyo.

Kwa kutundika, tumia pimamaji, usiamini dari. Dari nyingi haziko sawa, wala sakafu. Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, kwa sababu nyaya kwa kawaida hupita humo wima. Shelfu iliyo juu ya kochi nimeiacha sentimita 40 kutoka egemeo, mgeni akijilaza nyuma asigonge kichwa. Kati ya shelfu mbili nimeacha sentimita 35, maana kitabu cha ukubwa wa A4 kinahitaji karibu 30 na bado mkono unahitaji pa kupita.

Kupanga ndiko nilikofurahia zaidi. Picha za kwenye boksi zinaonyesha vitu vidogo vidogo vya rangi moja, na watu huiga. Mimi vidogo nimevipunguza, kwa sababu kila kimoja kitakuja kunyanyuliwa na kufutwa vumbi. Nilianza na kikubwa: fremu ndefu iliyoegemea ukuta, si katikati bali pembeni. Mbele yake vitabu vitatu vimelala, juu ya vitabu kuna bakuli la udongo, na bakuli linaificha fremu kidogo. Huko kufichana ndiko kunakofanya shelfu nyembamba ionekane ina kina. Upande wa pili kuna mmea unaotambaa, umeachwa uning'inie. Nafasi iliyobaki, kama theluthi nzima, iko tupu, na kila anayeniambia niweke kitu pale namjibu hapana. Fremu inayoegemea huteleza kwenye veniya, kwa hiyo weka vipande vya mpira chini yake. Chungu nacho kikae kwenye kisahani, la sivyo kitaacha duara jeupe lisilotoka kwa kufuta.

Ningezinunua tena, na plagi zangu mfukoni. Muuzaji nilimwandikia kuhusu zile zake, akanijibu kwamba zinatosha kwa ukuta wa kawaida. Nimemuuliza huo ukuta wa kawaida ni upi, wa bloku au wa jipsamu. Hajajibu bado.