Kompyuta ya nyumbani isiyokula umeme wala kupiga kelele: ipi ununue Mwanza

Kompyuta inayovuma sebuleni kama jenereta ni kompyuta inayokula umeme. Karibu kila wati inayoingia kwenye mashine hutoka ikiwa joto, na joto hilo lazima feni ilisukume nje. Ukipunguza wati, feni inatulia yenyewe. Ndiyo maana hapa tumezipanga mashine kwa wati zinazokula zikiwa kwenye kazi nyepesi, kwa sababu kompyuta ya nyumbani muda mwingi hukaa ikimsubiri mtu abonyeze kitufe kinachofuata. Kasi ya juu tumeiweka nyuma.

Anza na LUKU. Nyumba iliyo kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, mradi isivuke yuniti 75 kwa mwezi. Kwenye T1, kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 10,000 hukupa yuniti 28 hivi, kama kodi ya jengo imeshakatwa. Sasa chukua kompyuta ya zamani ya kusimama, ile ambayo wengi huita kasha lake zima "CPU", yenye kadi ya grafiki ndani. Hiyo hula wati 90 hata ukiwa unachapa barua tu. Ikiwaka saa 10 kwa siku, mwezi unaisha na yuniti 27, na bado hujahesabu skrini. Hizo ni zaidi ya theluthi moja ya yuniti 75, kabla friji halijapata lake. Kompyuta ndogo inayokula wati 12 kwa saa hizohizo inamaliza yuniti 3.6. Kwa T1 unalinganisha shilingi 9,600 na 1,300 kila mwezi.

Kupima si lazima ununue kifaa. Kwenye mita ya LUKU kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa yuniti. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mpepeso ni wati-saa moja. Zima kila kitu ndani, friji pamoja na chaja, washa kompyuta peke yake, kisha hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi mwingine. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, unapata wati. Ikipepesa kila sekunde 40, ni wati 90. Ikikaa dakika 5 nzima ndipo ipepese, una wati 12, na hiyo ndiyo mashine unayoitaka.

Nafasi ya 1: kompyuta ndogo ya ofisi, mtumba, kizazi cha 8 kwenda juu

Hizi ni zile boksi za sentimita 18 kwa 18, unene usiofika sentimita 4, zilizotolewa maofisini Ulaya na kwingineko: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk au ProDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Prosesa zake nyingi, yaani ubongo wa mashine, zina herufi T mwishoni, kama i5-8500T, maana yake imebanwa kwenye wati 35. Ina viini 6. Ikiwa imetulia, mashine nzima hula wati 8 hadi 15. Kwa hesabu za duka, kazi za chuo, filamu na vikao vya video, hakuna kitu kingine kinachokupa thamani hiyo kwa fedha hiyo.

Kizazi cha 8 cha prosesa za Intel tunakikazania kwa sababu Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia hapo. Shida ni kwamba vizazi vinafanana kwa sura, na muuzaji anaweza kukuuzia cha 6 kwa bei ya cha 8, mara nyingine hata yeye hajui. Soma namba ya modeli. Dell 3050 na 7050 ni za zamani, 3060 na 7060 ndizo. HP EliteDesk 800 G3 ni ya zamani, G4 ndiyo. Lenovo M710q ni ya zamani, M720q na M920q ndizo. Usitosheke na stika iliyobandikwa juu. Washa, ingia BIOS, yaani kurasa za mipangilio zinazofunguka kabla ya Windows, usome jina la prosesa humohumo.

Ukiwa bado dukani, kagua haya kabla hujatoa hela. Adapta iwe yake halisi. Dell hutambua adapta kupitia pini nyembamba iliyo katikati ya kichwa cha waya. Ikikosa kuitambua hutoa onyo wakati wa kuwaka, kisha hujipunguza kasi. Mtu anafika Igoma na mashine inayojikokota, anadhani prosesa ni mbovu, kumbe ni adapta ya kuokoteza. Angalia pia kama BIOS ina nywila. Ikiwa nayo na muuzaji haijui, iache hapohapo. Fungua kifuniko, uone kama kuna ramu (kumbukumbu ya muda) mbili za GB 8 au moja tu. Mbili ni bora, kwa sababu grafiki ya ndani hukopa ramu, na ramu mbili hupitisha data kwa njia mbili. Kama unataka kuongeza diski ya inchi 2.5, hakikisha kikebe chake na ule utepe mwembamba wa kuiunganisha vipo, maana vikipotea kuvipata ni kazi. Wi-Fi nayo: kadi inaweza kuwepo lakini waya za antena zimeng'olewa.

Halafu iache icheze video mbili kwa wakati mmoja kwa dakika 20, na uisikilize. Feni ikianza kimya na kupanda polepole hadi kupiga mluzi, pesti ya joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Hiyo si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kushusha bei, kwani matengenezo yake ni ya nusu saa.

Chomoa umeme. Toa feni, kisha kipoza joto cha alumini. Kati ya mapezi yake utakuta vumbi lililogandamana kama kipande cha blanketi la kijivu. Hilo ndilo lililokuwa linaipigisha kelele. Lisugue kwa brashi laini. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana ikisukumwa na hewa kwa kasi kupita uwezo wake bearingi huharibika, na kelele unayoikimbia ndiyo unaitengeneza. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti hadi chuma king'ae. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya dengu, katikati. Rudisha kipoza joto na kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo kila moja. Ukiikaza moja hadi mwisho kwanza, kipoza joto huinama upande, sehemu ya prosesa inabaki haijaguswa, na joto linarudi palepale.

Nafasi ya 2: boksi jipya lenye Intel N100

Prosesa hii ilitoka mwaka 2023, ina viini 4 na kiwango cha wati 6. Ni dhaifu kuliko i5-8500T kazi zikiwa nyingi, lakini ina jambo moja ambalo ile haina: hufungua video za AV1, aina mpya ya kubana video, kwa kifaa maalumu kilichomo ndani yake, kwa hiyo video za namna hiyo haziichoshi. Ni mpya, haina pesti iliyokauka, na kuna aina zisizo na feni kabisa. Kwa mji wenye vumbi, mashine isiyo na feni ni neema kubwa. Chagua yenye mwili wa chuma wenye mapezi. Ya plastiki bila feni ikifungiwa kwenye kabati hujipunguza kasi mchana.

Zingatia kwamba ramu hupita njia moja tu, na kwenye baadhi ya boksi imechomelewa, huwezi kuiongeza. Nunua yenye GB 16 tangu mwanzo. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, inayokuja nayo mara nyingi haina jina la kampuni inayojulikana. Ifanye ya ziada, na mafaili yako yaweke kwenye SSD yenye jina. SSD yoyote inayodai TB 2 kwa bei ya kutupa ijaribu kwa programu ya H2testw, inayoandika diski nzima na kuisoma tena. Za bandia hugundulika hapo.

Boksi nyingi za N100 hutumia volti 12, jambo linalowavutia wenye sola, kuanzia Sengerema hadi Ukerewe. Ila usiliunganishe moja kwa moja na betri. Betri ya volti 12 inapochajiwa na jua hupanda hadi volti 14 na zaidi, na hapo boksi linaweza kuungua. Pitisha umeme kwenye kirekebishi kinachotoa volti 12 zisizobadilika, chenye uwezo wa ampea 5.

Nafasi ya 3: kuunga mwenyewe

Hii ni ya anayehariri video au kucheza gemu, anayetaka nafasi ya kuongeza baadaye. Chagua prosesa yenye grafiki ndani yake: Ryzen 5 5600G au Intel i3-12100. Angalia isije ikawa i3-12100F, kwani F maana yake haina grafiki, na utalazimika kununua kadi ambayo peke yake inaongeza wati na feni. Ya 5600G inaweza kubanwa kutoka wati 65 hadi 45 ndani ya BIOS; upungufu wa kasi ni mdogo, upungufu wa joto unausikia kwa masikio. Mashine ya namna hii ikitulia hula wati 20 hadi 30.

Pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, ndipo watu wanapokosea zaidi. Wananunua ya wati 750 kwa mashine inayokula 30. Vipimo vya kawaida vya 80 Plus, alama ya ufanisi yenye madaraja kama Bronze na Gold, huanzia asilimia 20 ya mzigo, na chini ya asilimia 10 pawasaplai nyingi hupoteza umeme hovyo. Ya wati 300 hadi 450 yenye Bronze au Gold ya kweli inatosha. Ipime mkononi: boksi jepesi lililoandikwa 750W ni uongo uliochapwa kwenye karatasi.

Feni zichukue za milimita 120 zenye pini 4. Feni kubwa inayozunguka taratibu husukuma hewa sawa na ndogo ya 80 inayokimbia, bila ule mluzi. Mbili ziingize hewa kupitia chujio, moja itoe. Hivyo hewa husukumwa nje kupitia nyufa, badala ya vumbi kufyonzwa ndani kupitia hizohizo. Kwenye BIOS, ziweke kasi moja ya chini hadi nyuzi 55, kisha zipande taratibu. Kinachoudhi zaidi ni feni inayopanda na kushuka kila sekunde kumi.

Nafasi ya 4 na ya 5

Laptopu ya mtumba ina betri yake, na kwenye mtaa unaokatika umeme mara kwa mara inaweza ikawa chaguo lako la kwanza. Tumeishusha kwa sababu feni zake nyembamba hulia kwa sauti kali, na betri inayokaa imejaa asilimia 100 kwenye joto huvimba. Weka kikomo cha kuchaji asilimia 80.

Raspberry Pi 5, kompyuta ya bodi moja ndogo, hula wati 3 hadi 4 ikitulia. Inafaa kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima au kumfundisha mtoto programu. Kwa programu za hesabu za Windows, hapana. Inataka adapta ya volti 5 na ampea 5. Chaja ya simu haitoshi. Na kadi yake ya SD inaweza kufa umeme ukikatika inapoandika, hivyo ifungie SSD.

Skrini, UPS na mahali pa kuiweka

Ukishanunua kompyuta ya wati 12, skrini ndiyo inakuwa mlaji mkubwa. Ya LED ya inchi 22 hula wati 15 hadi 20. Punguza mwangaza hadi nusu na macho yako yatashukuru pia.

UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, ikiwa ya kawaida ya 650VA huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Kompyuta ndogo, skrini na ruta kwa pamoja, wati 40 hivi, zinaweza kukaa karibu saa moja betri ikiwa mpya. Kompyuta ya wati 150 kwenye UPS hiyohiyo haifiki nusu saa. Nunua ambayo betri yake inatolewa kwa skrubu, maana baada ya miaka miwili au mitatu utaibadilisha.

Usiiweke mashine sakafuni, vumbi liko huko. Kwa walio kando ya ziwa, kuanzia Capripoint hadi Kirumba, kuna adui mwingine: wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Wanafuata mwanga wa skrini usiku, feni inawavuta, na miili yao laini ikichanganyika na vumbi hufunga mapezi haraka kuliko vumbi peke yake. Upande wa kuingizia hewa usielekezwe dirishani, na jioni wakionekana, funga dirisha la chumba hicho au zima mashine. Wakishapita, mulika tochi kwenye matundu ya hewa. Ukiona weusi umejipanga kati ya mapezi, toa brashi siku hiyohiyo; vinginevyo kila miezi mitatu inatosha.