Uzoefu Wangu na Inooro TV: Runinga ya Bure Nyumbani kwa Nyanya

Watu wengi huniuliza kama inafaa kumlipia mzee wa mashambani king'amuzi cha kila mwezi. Kwa mzee wa eneo la Mlima Kenya anayefikiri na kuota kwa Kikuyu, jibu langu halijabadilika: mfungie antena nzuri apate Inooro TV, kituo cha bure kinachotangaza kwa Kikuyu. Nyanya yangu wa Othaya, kaunti ya Nyeri, anaitazama kutwa, na mitambo yote nyumbani kwake niliifunga mwenyewe, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Nyanya alikuwa msikilizaji wa Inooro FM, redio ya Kikuyu, miaka mingi kabla ya kuwa na runinga. Inooro TV ilipoanza Oktoba 2015, sauti na mazungumzo ya redio aliyoizoea yalipata picha. Wenye kituo ni Royal Media Services, kampuni iliyoanzishwa na S. K. Macharia, wale wale wa Citizen TV, na redio zao zimeenea nchini kwa lugha nyingi: Ramogi kwa Wajaluo, Musyi kwa Wakamba, Mulembe kwa Waluhya, Chamgei kwa Wakalenjin, Egesa kwa Wakisii. Naona huo ndio werevu wao mkubwa. Waliwapata watu kwanza kwa redio ya lugha ya nyumbani, jina likaaminika, ndipo wakaleta runinga.

Tukumbuke tulikotoka. Hadi KTN ilipokuja mwaka 1990, runinga Kenya ilikuwa ya serikali pekee, iliyoitwa Sauti ya Kenya kabla ya kuwa KBC. Citizen TV ilifuata mwaka 1999, na ilipofufuliwa upya mwaka 2006 ikajijenga kwa vipindi vya Kenya yenyewe na taarifa za Kiswahili. Lakini hata hapo mtu kama nyanya alibaki pembeni. Kiswahili chake ni cha sokoni, Kiingereza hakijui. Alikuwa akitazama picha, halafu anamwomba mjukuu amweleze kilichosemwa, na mjukuu anamfupishia kwa sentensi moja.

Siku moja nilikuwa nimekaa naye wakati wa bonasi ya majani chai, yale malipo ya ziada ya kila mwaka kutoka kiwandani. Nyanya ana shamba dogo la chai, na kila mwaka swali huwa lile lile: kwa nini kiwanda chetu kimelipa kiasi hiki na kile cha jirani kimelipa zaidi? Kwenye taarifa walikuwa wakihoji wakulima waliosimama katikati ya chai, vikapu mgongoni, wakizungumza kama yeye. Kisha mtangazaji akaeleza mambo ya bei ya mnada, gharama za kiwanda na mikopo inayokatwa kabla mkulima hajaona pesa. Nyanya akaongeza sauti kwa rimoti, akanyoosha kidole kunizuia nisiongee. Taarifa ilipokwisha alianza kunieleza mimi, hatua kwa hatua, jinsi makato yanavyofanyika. Mkutano wa wakulima uliofuata alikwenda na maswali yake mwenyewe. Kwangu mimi, huduma yoyote ya habari ipimwe hapo.

Jioni kuna muziki, mugithi (nyimbo za gitaa za Kikuyu) na nyimbo za injili, na mazungumzo ya ndoa na ardhi ambayo nyanya huyajibu kwa sauti utadhani yuko studio. Shangazi yangu anayeishi Marekani huifuata YouTube, kisha wanapigiana simu kubishana kuhusu walichokiona.

Gharama ni sifuri kila mwezi, kwa kuwa kituo kinaishi kwa matangazo ya biashara. Wanaotaka kuwauzia wakulima wa eneo hili mbegu, chakula cha mifugo, mikopo na matangi ya maji wanajua kuwa wakulima hao wapo hapo jioni. Ni kweli matangazo ni mengi, kama ilivyo kwenye runinga yoyote ya biashara isiyolipiwa, na anayechoshwa nayo haraka atapata taabu. Nyanya hachoki. Tangazo la mbegu kwake ni habari.

Sasa suala la kufunga mitambo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Huhitaji king'amuzi ikiwa runinga yako ina kipokezi cha DVB-T2 ndani, yaani kinachonasa mawimbi ya dijitali kwa antena, na nyingi za siku hizi zinacho. Unachohitaji ni antena ya UHF (aina ya mawimbi ya runinga) iliyo nje, juu, imefungwa kwenye nguzo imara. Ya kwetu mwanzoni niliifunga kwenye mti, upepo ukaizungusha na picha ikawa inakatika vipande vipande. Nguzo ya chuma ilimaliza tatizo.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalielezi ni kwamba vituo havitoki kwenye mnara mmoja. Unaweza kupata KBC safi kabisa na usiione Inooro, ukadhani runinga ni mbovu. Sababu yake ni ya kihistoria. Kenya ilipohama kutoka analogi kwenda dijitali, usambazaji wa mawimbi ulikuwa wa Signet, iliyo chini ya KBC, na PANG, kampuni ya Kichina. Royal Media, Nation na Standard, wenye Citizen, NTV na KTN, zilikataa vipindi vyao vibebwe na wengine, zikataka mitambo yao wenyewe. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Februari 2015 mitambo yao ya analogi ikazimwa. Citizen, NTV na KTN hazikuonekana kwa karibu wiki tatu. Waliporudi walikuwa na mtandao wao wa dijitali, Africa Digital Network. Kwa hiyo ukifunga antena, usiridhike na kituo cha kwanza kinachotokea. Izungushe taratibu, tafuta vituo upya, uangalie kama kundi la Citizen na Inooro limeingia pamoja. Ikiingia Citizen, Inooro kwa kawaida ipo.

Nchi nzima iliona tena uzito wa mtandao huo tarehe 30 Januari 2018, serikali ilipozima Citizen, Inooro, NTV na KTN siku ambayo kiongozi wa upinzani Raila Odinga alijiapisha kuwa "rais wa wananchi" katika Uhuru Park, Nairobi. Mahakama Kuu iliagiza vifunguliwe, lakini Citizen na Inooro vilikaa gizani hadi tarehe 8 Februari. Nyanya hakuwa shabiki wa kiapo kile hata kidogo, ila alikasirika kwa kunyimwa taarifa zake. Siku hizo alirudi kwenye redio.

Wajukuu waliokulia Nairobi hawaifuatilii sana, na wapenda kandanda la Ulaya bado watahitaji kulipia mahali pengine. Nisingempendekezea pia mzee asiyeelewa Kikuyu. Huyo afunguliwe Citizen au kituo kingine cha Kiswahili kwa antena hiyo hiyo. Kama unanunua vifaa wiki hii, anza kwa kutazama antena za majirani zimeelekea wapi, uliza kwenye duka kama runinga ni ya DVB-T2 kabla hujalipa, na ukishamaliza mwoneshe mzee jinsi ya kutafuta vituo upya kwa rimoti ili asikungoje wewe mpaka Krismasi.