Kipimo cha moyo wa mtoto tumboni: nilivyopokewa katika kituo kimoja cha Dar es Salaam

Nina kisukari tangu kabla ya kushika mimba, na kwa sababu hiyo daktari wa kliniki aliniandikia rufaa ya kupimwa moyo wa mtoto angali tumboni, akinieleza kwamba sukari ikiwa juu katika wiki za mwanzo, moyo unapojengeka, hatari ya kasoro huongezeka. Alinitaka niende kati ya wiki ya 18 na ya 24. Nikatoka Mbagala alfajiri kwenda kituo binafsi mjini, ambacho sitakitaja.

Mpimaji hakuitikia hata salamu. Alinipaka jeli, akashika simu mkono mmoja na kifaa mkono wa pili, akawa anagombana na fundi wa gari lake huku mimi nimelala nikikodolea macho skrini nisiyoielewa. Nilipomuuliza kwa adabu iwapo ameiona mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo, alinijibu: "Mama, moyo si unausikia unapiga? Unataka nini tena?" Moyo wenye tundu nao hupiga! Hata ule ambao mishipa yake mikubwa imepishana hupiga vizuri tumboni, na mtoto huanza kubadilika rangi baada ya kuzaliwa.

Nilikataa kushuka kitandani mpaka aitwe daktari bingwa. Alikuja mama wa makamo, akasema, "Pole, mwanangu, geukia kushoto kidogo, mtoto ametupa mgongo," akaanza upya. Alinionyesha vyumba vyote vinne, kisha rangi: nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Aliniambia waziwazi kwamba matundu madogo huweza yasionekane mpaka mtoto azaliwe, na ukweli huo ulinituliza kuliko sifa yoyote.

Nilikusudia kuwaambia akina mama wenzangu wasikanyage pale, lakini kwa mikono ya daktari yule siwezi kusema hivyo. Nendeni, ila ulizeni kwanza kama yupo. Hata hivyo, kila nikimfikiria mjamzito asiyejua kuuliza, aliyeambiwa moyo unapiga akaenda zake, hasira inanirudia, na sioni kwa nini kituo kinachomweka mtu wa namna ile kwenye kifaa kile kisifiwe. Barua yangu ya malalamiko niliiacha mapokezi, na mpaka sasa hakuna aliyenijibu.