Apu za kutunza paswedi: ulipie au utumie ile iliyokuja na simu?

Niseme mapema tu, kama una iPhone na Mac na huna kingine, sioni kwa nini utoe hela. Apple walileta apu yao ya Passwords 2024 pamoja na iOS 18 na iko poa, inatunga paswedi ndefu yenyewe, inajaza yenyewe, inakuonyesha ipi umeirudia kwenye akaunti nyingi na ipi imeshavuja, mpaka zile namba za tarakimu 6 za kuthibitisha inakupa. Google nao wana yao kwenye Chrome na Android, hainaga makuu, bure pia.

Tabu ni kwa sisi wachanganyaji. Simu Android, laptopu Mac, kazini Windows, brauza Firefox, hapo ndo utajua hujui, maana Apple hawana apu hiyo ya Android, na ya Google ukiwa Firefox ya kwenye kompyuta unaishia kufungua tovuti yao na kukopi moja moja. Bitwarden na 1Password, hizo ni apu za pembeni za kutunza paswedi, zenyewe zinaingia kote huko.

Halafu kuna pini ya simu. Mtu akikuchungulia ukiiandika kisha akaondoka na simu, zile paswedi za humo ndani anaweza kuzifikia, na Apple waliliona hilo ndo wakaja na Stolen Device Protection, kinga ya simu ikiibiwa, kwenye iOS 17.3, iwasheni jamani. Apu ya pembeni ina nenosiri kuu lake peke yake, ndilo linalofungua paswedi zote za humo.

Ila msidhani ukilipia ndo umepona. LastPass, apu nyingine ya aina hiyo, mwaka 2022 wezi walibeba nakala za hifadhi za wateja, paswedi zilikuwa zimesimbwa lakini anwani za tovuti zilikuwa wazi, na aliyekuwa na nenosiri kuu jepesi, pole yake.

Mimi nipo Bitwarden ya bure. Ni programu huria, haikubani idadi ya paswedi wala ya vifaa, japo sura yake ni kavu kidogo. Ukilipia unaongezewa zile namba za kuthibitisha na nafasi ya kumteua mtu wa kukufungulia ukipatwa na dharura, na hilo la pili kwa kweli linashawishi. 1Password inapendeza zaidi kwa macho ila toleo la bure hawana, ni majaribio tu kisha ulipe.

Mkihama, lile faili la CSV lenye paswedi zenu mnalotoa kwenye apu ya zamani halijafungwa, yeyote akilifungua anasoma kila kitu, kwa hiyo ukishaliingiza kwenye mpya lifute hapo hapo, na kwenye tupio pia.